Saizi ya Zumaridi

Fundi Mwinchande wa Tegeta alicheka:
miaka thelathini anakata katambuga,
hajawahi kuulizwa saizi ya farasi.

Nikamkunjulia karatasi. Ukwato wa mbele, kushoto,
nimeuchora kwa mkaa siku ileile ya kuuchonga,
maana ukwato hukua kimyakimya kama deni
na kipimo cha mwezi jana ni uongo.

Zumaridi hajapigiliwa chuma tangu masika.
Kwenye mchanga wa Mbweni hutembea kama bibi harusi;
ila kile kipande cha kifusi, kabla ya lami,
hapo hunitazama.

Kiatu cha kwanza kilipwaya,
kikazunguka, ncha ikaelekea nyuma.
Cha pili kilimla kisigino, manyoya yakang'oka;
nikakata soksi ya shule ya mwanangu, nikamvika,
nikarudi Tegeta na mpira mkononi.

Cha tatu kiliingia kwa nyundo, taratibu.
Mkanda tundu la nne. Kidole changu hakikupita.
Akanyanyua mguu juu mno,
kama anayepanda ngazi isiyokuwepo,
akanyanyua tena,
kisha akasahau.

Ndiyo saizi hiyo, Mwinchande: asahau.

Jioni nilikivua, nikakung'uta mchanga.
Ndani mna joto, na harufu ya majani mabichi.
Chini, kwenye soli, msumari wa ujenzi
umezama hadi kichwani.
Haukufika.

Nimempelekea fundi. Kaugeuzageuza,
kautundika juu ya cherehani:
“Na mguu wa kulia,” akauliza, “unauleta lini?”