Herufi Moja, Mwisho wa Barabara

Barabara ya Lofoten inakomea hapa:
handaki fupi, maegesho ya magari, kisha mawe na bahari.
Kibao cha kijiji kina herufi moja,
a kubwa iliyovikwa kiduara kichwani.
Å.
Itamke kama o, mdomo usifunge,
kama mtu aliyeanza kusema akasita.

Jarle wa halmashauri amekigongomea tena, cha nne hiki.
Wageni hukiiba usiku, wakakitundike chooni kwao.
"Wanaiba neno," husema, "wala hawajui wameiba nini."

Wameiba kijito.
Watu wa kale wa Norwei waliona maji membamba
yakitoka ziwani kuteremkia chumvini,
wakayaita kwa sauti yenye upana uleule.
Hawakuongeza kitu. Labda baridi.

Ila chumba hiki kidogo kina wapangaji wengi.
Å! kahawa imemwagika.
Å, kwa lafudhi ya kaskazini, ni pia:
nami nimo, nipimie na mimi.
Na å hutangulia kitenzi, å leve, kuishi,
mfano wa ku- yetu katika kula, kuja, kufa,
ile inayong'ang'ania mashina mafupi
yasiyoweza kusimama peke yake.

Februari, Hjørdis, mama yake Jarle,
aliyetunga kambani vichwa vya chewa miaka thelathini,
vichwa viendavyo Lagos kutiwa mchuzini,
alipigwa na kiharusi. Likabaki neno moja.
Å.
Sunniva, bintiye, alisikia mshangao, akafungua dirisha.
Daktari aliandika: sauti tu.
Mjukuu, aiskrimu mkononi, akasema, "Bibi naye anataka,"
akamlisha kijiko. Bibi akala.

Jarle alisikia ku-.
Ku- nini, mama? Kunywa? Kulala? Kugeuzwa?
Kusamehe? Kurudi nyumbani?
Usiku kucha akamjaribia vitenzi
kama mwenye funguo za nyumba ya mtu mwingine.
Å, akasema mama. Å.
Nje kijito kilikuwa kimeganda juu,
chini yake maji yakipita.

Walipotoka makaburini kibao hakikuwepo.
Jarle hakwenda stoo.
Wiki tatu kijiji kilikaa bila jina,
na posta ilifika vilevile.

Leo amekigongomea.
Skrubu moja ameiacha imelegea.