Sanduku la Maoni, Kitangari

Robo hii tumepata asilimia tisini na nne.
Fomu niliijaza mimi, mwandiko ni wangu.
Malalamiko: sifuri.
Sanduku nililifungua kwa bisibisi, ufunguo ulipotea
tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi;
ndani mlikuwa na kiota cha nyigu, udongo mkavu,
na stakabadhi ya kilo arobaini isiyo na jina.

Muda wa kuhudumiwa: dakika kumi na moja.
Saa tunaianza mtu akishaketi mbele yangu.
Benchi la nje halimo kwenye fomu.

Bi Somoe Nang'oto alilikalia Jumatatu,
akalikalia Jumatano, na leo tena:
cheti cha mjukuu, herufi moja tu imekosewa.
Vumbi jekundu la Mtopwa limempanda hadi magotini.
Nikamwuliza, kama fomu inavyotaka,
umeridhika?
Akaitazama kalamu, hakunitazama mimi.
"Andika ndiyo, mwanangu,
nisije nikarudishwa kwa hili nalo."

Nikaandika.
Ndiyo yake imo humo, ndani ya tisini na nne.
Cheti kimo drooni, kinasubiri muhuri.