Picha ya Kuagia

Kamera yangu ina miaka kumi na saba.
Rangi imebanduka pembeni, pale kidole gumba hulala,
chuma kinachungulia kama goti kwenye suruali iliyochakaa.
Mpira wa mshikio niliubandika upya kwa gundi ya viatu.
Imefumba na kufumbua mara laki tatu.
Fundi wa Gwangju aliisoma hesabu hiyo, akaguna,
akanirudishia kama daktari anayerudisha faili.

Kazi yangu ni hii: napanda feri ya asubuhi pale Mokpo,
nashuka visiwani, nawapiga wazee picha ya kuagia,
ile itakayokaa mbele ya jeneza, kati ya maua meupe,
siku ambayo wao hawatakuwa na la kusema.
Huja wamevaa hariri ya kuazima;
kola moja huzunguka shingo kumi na nne.
Huyu anataka mvi zake zionekane.
Yule ananiuliza kama naweza kumrudishia jino.

Mwezi wa tatu, kijana wa dukani, Tak Won-jun,
aliniwekea mpya mkononi.
"Mwalimu," akasema, "hii hulitafuta jicho yenyewe.
Ukitetemeka, yenyewe haitetemeki.
Gizani inaona kama paka."
Sitasema uongo: nilimpiga palepale, chini ya taa mbovu,
nikazihesabu kope zake moja moja.
Nilitamani. Mate yalinijaa kama mja mzito mbele ya achari.
Kipya kinyemi, walisema waliotangulia, ingawa kidonda;
na bei ndiyo iliyokuwa kidonda:
nauli ya feri ya miaka minne, kwenda na kurudi.
Nikaikodi kwa siku tatu.

Bi Pyo Bun-rye, miaka tisini na mmoja,
alikuwa ameketi kwenye mkeka wa umeme akimenya vitunguu saumu,
akakataa kuacha.
"Nikikaa bure," akasema, "nitafanana na maiti kabla ya zamu yangu."
Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, jeupe kama ndani ya kombe.
La kulia, akicheka, humezwa na makunyanzi,
haubaki hata ufa.
Na alikuwa anacheka. Alikuwa anamcheka marehemu mumewe
aliyewahi kuuza ng'ombe akanunua televisheni,
akaibeba mgongoni toka gatini hadi nyumbani,
na kisiwa hakikuwa na umeme.

Kamera mpya ikatafuta jicho.
Kijisanduku cha kijani kikatua puani, kikarukia sikio,
kikapanda ukutani, kikamkuta mume ndani ya fremu yake,
kikamshika barabara, macho yote mawili,
wala hakikumwachia.
"Kinaniona?" Bibi akauliza.
"Kinamwona mumeo."
Akacheka tena, kitunguu kikamponyoka.

Nikatoa ya zamani mkobani. Hiyo haitafuti kitu.
Lenzi niliizungusha kwa vidole, kama kufungua chupa ya dawa,
nikangoja.
Picha tatu. Mbili zimetikisika,
na mkono uliotikisika ni wangu, chombo nisikisingizie;
nina miaka sitini na mitatu.
Ya tatu ina ukungu kidogo kwenye kola,
ila kicheko kiko mahali pake.

Jumatatu nikairudisha ya kukodi.
"Vipi?" akauliza Won-jun.
Nimjibu nini? Kwamba ni nzuri? Ni nzuri.
Kwamba siihitaji? Uulizwe mkono huu
miaka mitano ijayo, asubuhi ya baridi, kabla ya chai.
Nikanunua betri, ya mwisho kwenye droo yake,
vumbi juu ya kasha; kiwanda kilishaacha kuzitengeneza.
Akanipunguzia nusu ya bei, bila kunitazama.

Nilipofika nyumbani nikaichomeka. Kitaa kikawaka.
Alhamisi nina wazee tisa, kisiwa kingine,
na kola nimeshaifua,
iko kwenye kamba, inadondosha maji.