Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Wagonjwa thelathini na mmoja
walipimwa joto dakika moja, na mkono mmoja.
Ndivyo mfumo unavyosema.
Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, wodi ya nne,
vipimo vyote viliniangukia kwenye jedwali
pu, kama mchele wa gunia lililopasuka.

Mimi ndiye msomaji wa majedwali hayo.
Mama akiulizwa na majirani kule Butere
husema, anatibu kompyuta za hospitali.
Nimeacha kumsahihisha.
Miaka saba Ngara, ghorofa ya tano,
sijamshika mgonjwa hata mmoja mkono.
Nashika majina yao.

Jumatatu, kikaoni, Bwana Oriedo wa takwimu akacheka:
"Huyu sista ana mikono mingapi?"
Neno *uzembe* likatoka, sikumbuki kinywani mwa nani,
likakaa mezani kati ya chai na mandazi.
Nikaliandika katika kumbukumbu za kikao.
Nikalipigia mstari.

Jumatano usiku nikateremka.
Julai, baridi inapita chini ya milango bila kubisha.
Sista Kathini, sweta mbili, kurunzi ya simu meno yakiishika,
kwapani daftari la miraba
lile la watoto wa shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Hakuniuliza nimefuata nini.
Alinipa ndoo niishike.

Daftarini:
Kitanda cha sita, saa tatu na robo, thelathini na tisa nukta nne.
Kitanda cha sita, saa nne. Bado.
Kitanda cha sita, saa nne u nusu, maji, kitambaa, daktari kaitwa.
Saa sita, daktari kaitwa tena.
Saa nane, amelia, anamtaka dada yake.
Saa tisa, jasho. Shuka zimebadilishwa.
Saa kumi, anaomba uji!
Alama ya mshangao ni yake, kaikoleza mara mbili.

"Na kompyuta?" nikasema.
Akaielekeza kidevu, pale konani.
Soketi ni moja. Mashine ya kuvuta makohozi ikihitajika
kompyuta huchomolewa.
"Wewe ndiye fundi," akasema, "niambie nichomoe ipi."

Saa kumi na moja u nusu, wodi imetulia, akaketi kuandika.
Nikasimama nyuma yake na saa yangu.
Kabla ya joto, skrini ilimuuliza dini ya mgonjwa.
Ikamuuliza kaunti ya kuzaliwa.
Aliyemleta ni nani. Simu ya aliyemleta.
Simu ya pili ya aliyemleta.
Nyota nyekundu kumi na moja, bila hizo hupiti,
na kila nyota niliitundika mimi.
Ile ya sita naikumbuka:
ilikuwa Ijumaa, nina haraka ya harusi Rongai.

Kwa nyota ya pili ya simu Kathini aliandika sifuri, sifuri, sifuri,
vidole vikijua njia kama miguu ya punda.

Basi kitanda cha sita, Talaso, miaka kumi na tisa,
usiku wake wote ukaingia mfumoni ukiwa namba moja:
thelathini na saba nukta moja.
Hakuna homa. Hakuna dada aliyeitwa.
Hakuna aliyekesha.

Niliomba daftari nikapige nakala.
"Hili halitoki wodini," akasema, akalirudisha kwapani,
kwenye joto.

Nimeondoa nyota tisa.
Mbili zinasubiri sahihi ya wizara.
Kumbukumbu za Jumatatu nimezifungua; zimeshapigwa muhuri,
na lile neno limo, na mstari wangu chini yake,
umenyooka vizuri.

Jana nilipitia River Road nikanunua waya wa matundu manne.
Risiti ninayo mfukoni.
Sijui niidai kwa fungu lipi.