Nusu ya Uwanja

Mwalimu Ussi alishuka Wete na daftari,
kurasa za miraba, duara kumi na moja,
mishale ya wino mwekundu ikikimbia
kutoka kona hii hadi kona ile
bila kugonga jiwe.

Mie fundi cherehani. Aliniletea jora la buluu,
akasema: Shona kumi na sita, saizi moja.
Asiyeenewa, huyo nitamkata mimi.
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa, uwanja wetu una ada yake.
Msimu ukifika, upande wa kibla ni majamvi,
karafuu mpaka mstari wa katikati,
na bibi Mwanakhamis na ufito wake
anayefukuza kuku, mpira, na kila kinachoruka.
Watoto hawa wa magongo wamekulia nusu ya uwanja:
pasi ya hatua tatu, geuka, pasi,
mpira usiguse jamvi,
maana ukigusa, mechi inahamia kwa wazazi.

Mwalimu akataka pasi ndefu.
Kule alikosomea kuna zulia la bandia,
mpira huteleza kama samli kwenye chuma cha moto.
Huku kwetu huruka kama bisi.
Bikombo alipiga ndefu yake ya kwanza,
ikagonga kisiki, ikarudi,
ikampita yeye mwenyewe.
Raya golini akauliza:
"Na huu pia niudake?"

Wiki tatu hivyo. Tusimseme vibaya, haki alikuwa nayo.
Aliniambia: Nikiwafuata walivyo,
watabaki walivyo.
Neno hilo nililitia mfukoni pamoja na chaki
likawa linanichoma kama pini.

Kwa sababu yupo Mize.
Mize ni wa mkono wa kushoto, kula tu ndiko hulia kulia.
Na gongo, skwambii, halina la kushoto.
Limechongwa namna moja tu,
bapa huku, mgongo wa duara kule,
na mgongo ukigusa mpira, filimbi.
Nani alimchongea Mize gongo lake? Hakuna.
Alipindua kifundo cha mkono mwaka mzima,
akilia nyuma ya cherehani yangu,
mpaka akajua kupiga kwa gongo lililogeuzwa,
shuti likatoka pasipo na mlango
na mabeki wakabaki kutazama bega silo.
Basi nani alimfuata nani, mkono au gongo?
Sijui. Mie nilipima tu vifundo:
kushoto sentimita kumi na saba,
kulia kumi na tano na nusu.

Alhamisi nikampelekea sare zake.
Kumi na sita, na hakuna mbili zilizolingana.
"Nilisema saizi moja."
Nikamjibu: Jora moja, rangi moja, mshono ule ule.
Mabega sikuyaumba mie.
Ila Time nimemwachia upindo wa vidole vinne,
bado anarefuka.
Akaushika ule upindo,
akaufunua, akaukunja, akaufunua tena.
Aliondoka bila kuaga, na pesa hakulipa.

Kesho yake alikuja na daftari lile lile
na penseli.
Nilichungulia: kwenye mraba wa kibla
alikuwa amechora majamvi.

Mechi na wale wa Chake tulifungwa, mbili kwa moja.
Nisiseme uongo, cha pili kilipita
pale pale alipoacha mfumo wake ulegee.
Lakini lile moja letu!
Pasi fupi tisa, nilizihesabu kwa vidole,
Chake wote wamesogea, wamebanana kama vifungo kwenye kopo,
halafu Bikombo akainua kichwa
akapiga ndefu, ile ile ya kisiki,
na kushoto, peke yake, alikuwepo Mize.

Mwalimu hakuruka. Alikuwa anafuta kitu kwa ncha ya kidole.

Jumatatu Time akaja dukani.
Suruali imempanda juu ya vifundo.
Nikafumua vidole viwili.
Viwili nimeviacha.