Saa Saba ya Pili

Mimi ndiye karani wa kamati. Kazi yangu
kuandika nani kasema nini, na saa ngapi.
Lincoln, Nebraska, mwezi wa pili, theluji dirishani,
na mswada usiofika hata mistari ishirini:
saa zisisukumwe tena mbele Machi,
zisirudishwe tena nyuma Novemba.
Ziachwe.

Kila shahidi ana dakika tatu.
Taa ya kijani, taa ya manjano, taa nyekundu.
Kabla ya kuketi hujaza fomu yenye visanduku:
naunga mkono, napinga, sina upande.

Akaanza Verlyn Sedlacek, mfuga ng'ombe wa maziwa,
kofia kaipakata kama paka.
"Waheshimiwa, ng'ombe wangu mia na kumi na wawili
hawajui kusoma sheria.
Machi nikiwaamsha, hunitazama
kama mdai aliyebisha hodi kabla ya mwisho wa mwezi.
Novemba viwele vimejaa, wanalia langoni,
nami niko jikoni nakunywa kahawa kwa amri ya serikali."
Watu wakacheka. Seneta Dvorsky, mwenye mswada, hakucheka;
alikuwa akihesabu kura kwa vidole, chini ya meza.

Rodney Pfannenstiel wa kiwanja cha gofu akapinga.
Jioni ndefu ndiyo unga wake.
"Mkiziacha, basi ziacheni za kiangazi."
Mwanasheria akamnong'oneza mwenyekiti
(nilimsikia, sikuandika):
jimbo laweza kuikataa saa ya kiangazi,
haliwezi kuikataa ya baridi. Hilo ni la Washington.
Na mtu wa nyuma akauliza, bila fomu, bila ruhusa:
"Na Iowa je? Nivuke daraja kwenda kazini
saa yangu nzima ibaki juu ya maji?"

Wa mwisho, Arleta Toews wa Broken Bow.

"Baba alilazwa Kearney. Simu ikaita, nikaendesha na ukungu.
Daftari la wauguzi lasema nilifika
saa saba na dakika kumi usiku.
Cheti cha kifo chasema alikata roho
saa saba na dakika arobaini."

Akanyamaza. Kijani bado.

"Ulikuwa usiku ule wenu, waheshimiwa.
Saa saba ilikuja mara mbili.
Yeye alikwenda na ya kwanza.
Mimi nilifika na ya pili.
Mkono nilioushika ulikuwa umeanza kupoa.
Lakini karatasi, yenye mhuri wa jimbo hili,
yasema nilikaa naye nusu saa nzima."

Manjano.

"Kaka yangu anacho cheti hicho. Kila tukionana huniambia,
wewe angalau ulimuaga.
Huu mwaka wa sita. Sijamsahihisha."

Nyekundu. Hakuna aliyemkatiza.

"Sikuja kuwaomba muiondoe saa ile, wala muibakize.
Nimekuja kwa sababu nimechoka kuijua peke yangu."

Mwenyekiti, kwa mazoea, akauliza:
tukuandike upande gani?
Fomu yake ninayo. Kisanduku cha kwanza kimetiwa alama,
kikafutwa; cha tatu kimetiwa, kikafutwa, kikatiwa tena,
mpaka karatasi ikatoboka.
Sedlacek aliinuka akamfungulia mlango.

Kura tano kwa tatu. Mswada unasonga mbele,
kwa sharti: hautaanza
mpaka majirani zetu nao wapitishe wa kwao.
Nimesoma ya majirani. Nao wanatusubiri.

Jioni nikachapa kumbukumbu.
Penye shahidi wa mwisho: sina upande.
Penye saa ya kufunga kikao, nikatazama ukutani.
Saa ya chumba kile iko nyuma dakika nne tangu Novemba,
fundi aliyeirudisha alizidisha kidogo.
Nikaiandika kama ilivyo.