Kilo Thelathini

Begi limelala kitandani, mdomo wazi,
na Amma analilisha kama mgonjwa asiyetaka kula.
Nimisha, shika huku. Tupime tena.
Mizani tumeazima kwa Varghese muuza pilipili manga,
sahani yake bado inatia chafya.
Thelathini na sita na nusu.
Ndege haina huruma. Thelathini, basi.

Nisikilize mimi niliyekwenda.
Toa hayo masweta. Yameshonwa hapa Palakkad
na fundi asiyeijua theluji hata kwa ndoto;
Bishkek yatakufaa kufutia vikombe.
Koti utanunua kule, soko la Dordoi,
makontena juu ya makontena, mitaa kwa mitaa,
kwa mama mwenye meno ya dhahabu
atakayekukaba kwa bei, halafu akufunge vifungo
mpaka kidevuni, kama mwanawe.
Asante yao ni *rahmat*.
Hilo lipakie ulimini, halina uzito.

Sufuria ya presha ibaki.
Ijaze soksi, na ndani ya soksi iliki, manjano.
Ikipiga filimbi Jumapili bwenini
watashuka wote, hata wale Wanepali wa ghorofa ya nne,
kila mmoja na sahani yake mgongoni, akijidai anapita tu.
Mafuta ya nazi yafunge nailoni tatu.
Oktoba yataganda, meupe kama mshumaa.
Usilie, mimi nililia.
Tia chupa kwapani ukisoma:
ukishayajua majina yote ya mfupa wa paja
yatakuwa yameyeyuka.

Kitabu cha anatomia kiache, kinakula kilo nne
na kila mtu anacho kwenye simu.
Picha za pasipoti, ishirini. Hapana, thelathini;
kule hata maktaba inataka kuuona uso wako.
Vyeti vyenye muhuri viwe mkononi, si begini.
Begi langu lilibaki Sharjah siku tisa
nami nikatua Januari na shati la mikono mifupi.

Baba ameleta tochi.
Ameiweka juu ya nguo, akarudi chumbani kwake
taratibu, kiganja kifuani juu ya kovu.
Tochi iende.

Amma anapenyeza achari ya ndimu, anadhani hatumwoni.
Mwache.

Sasa koti jeupe.
Ndiyo, ni lile langu.
Jana usiku Amma alikaa na wembe chini ya taa
akilifumua jina langu mfukoni, herufi kwa herufi.
Uzi umetoka, kitambaa kimekataa kusahau:
ukikielekeza dirishani utaona vitundu,
A, kisha J, kisha nyingine zile.
Shonea lako papo hapo. Vitundu vitakuongoza sindano.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilirudi.
Mtaani Baba alisema ni baridi.
Baridi nilishaizoea, nilikuwa nakula aiskrimu barabarani
na kina Priyesh, tukicheka moshi wa pumzi zetu.
Ni kwamba muhula wa tano ulidai pesa zile zile
alizodai daktari wa moyo,
wiki ile ile.
Usinitazame hivyo. Angekuwa wako ungefanya nini?
Na ni wako.
Sasa nasimama duka la dawa la Kurian
nikisoma miandiko ya madaktari, wala sikosei.
Siku moja nitausoma wako. Andika vibaya, kama wenzako.

Haya, inua. Toa shampuu. Toa viatu vya harusi,
unakwenda kuolewa na nani, na maiti?
Amma, nimetania.
Inua tena.

Thelathini na gramu mia mbili.
Amma ameishika chupa ya achari, hapumui.

Lakini mizani ya Varghese, soko zima linajua,
huongeza mia mbili.
Funga zipu.